Laini Iliyokufa Ndani ya Eda

Siku ya kwanza niliripoti kazini na viatu vya dada yangu, vilivyonibana hadi nikaingia nikichechemea mbele ya Msimamizi wa Steshini. Hakuuliza habari ya viatu. Alinikalisha kwenye kiti kirefu mbele ya ubao uliojaa matundu na nyaya zenye vichwa vya shaba, akanivisha kisikilizio masikioni, akasema, "Mejumaa, kuanzia leo wewe ni sauti. Mteja hakuoni na wewe humuoni." Hiyo ndiyo ilikuwa steshini ya simu ya Msambweni, chumba kimoja chenye joto na harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zetu sisi maopereta.

Kazi ya opereta ilikuwa kuunganisha watu kwa mkono. Mtu akiinua simu yake, kijitaa kiliwaka ubaoni. Ukachomeka waya, ukauliza namba anayoitaka, ukachomeka waya wa pili upande wa pili. Wajukuu wangu wakinisikia wanadhani nasimulia habari za Nabii Nuhu. Lakini ilikuwa kazi ya heshima, na tulifundishwa kwa ukali. Ukimkatia mteja maneno yake, ulisimamishwa mbele ya wenzako ukaeleza kwa nini.

Kulikuwa na aina moja ya simu iliyoitwa wito wa mtu. Mpigaji hakutaka namba, alimtaka mtu. Kijana aliyekuwa bandarini Mombasa alipiga akamtaka mama yake wa Funzi, na mama huyo hata waya wa simu hajawahi kuushika. Sisi tulipiga duka lenye simu lililo karibu, mwenye duka akamtuma mtu, mtu akavuka kwa mashua, na simu ikawekewa ahadi ya alasiri. Mara nyingi anayetafutwa alikuwa shambani, au kisimani, au arusini. Siku moja mpigaji aliniuliza kama mama yake amefika, nikamjibu hayupo. Msimamizi alinivua kisikilizio.

"Kwenye wito wa mtu huruhusiwi kusema hayupo," aliniambia. "Wewe unajuaje kama hayupo? Sema anatafutwa. Halafu mtafute."

Neno hilo, anatafutwa, nimelibeba maisha yangu yote ya kazi, na mwishowe limenielemea.

Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipokuja, ubao wetu uling'olewa ukapakiwa kwenye lori. Nikahamishiwa Kinango kuangalia simu za sarafu, yale masanduku ya chuma ya kusimama barabarani. Mkuu wangu huko alikuwa Mkaguzi wa Nyaya, mtu mrefu asiyecheka, aliyetumia nusu ya uhai wake kufuata waya ulioibwa na nusu nyingine kuandika ripoti yake. Watu wa Kinango walitembea na jua kali kuja kuulizia bei ya mbuzi na kama maji yamefunguliwa, wakakuta sanduku limekufa. Wakanilaumu mimi, maana ndimi niliyekuwa na mdomo; sanduku halikuwa nao. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mteja mwenye hasira si adui, ni mtu aliyetoka mbali.

Halafu zikaja simu za mkononi, masanduku yakaota kutu, na sisi tukapewa barua za shukrani na kufungiwa mlango. Kampuni moja ya simu ilifungua tawi Ukunda ikatafuta watu wanaojua kuongea na wazee bila kuwafokea. Nikachukuliwa. Miaka michache baadaye nikafanywa afisa wa malalamiko, na hapo ndipo nilipokaa hadi kustaafu.

Afisa wa malalamiko kazi yake ni kujua kanuni za kumlinda mteja, na kanuni hizo si mbaya, nisizitukane. Mteja ana haki ya kuelezwa bei kabla ya kutumia. Ana haki ya kutoingizwa kwenye huduma asiyoiomba. Kulikuwa na mzee wa Shimoni aliyekuwa akitumiwa kila asubuhi ujumbe wa utabiri wa mapenzi, naye ana wake wawili na ndevu nyeupe, na hao wake wakataka kujua anayemtabiria ni nani. Mteja ana haki siri zake zisitolewe. Ana haki malalamiko yake yapokelewe, yapewe namba, yajibiwe. Na ana haki ya kuonywa kabla laini yake haijazimwa. Ya mwisho hiyo ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, nikaijua kama Alhamdu.

Lazima nieleze habari ya kuzimwa. Watu hudhani namba ya simu ni yako kama jina lako. Si yako, umeazimwa. Kampuni hupewa fungu la namba, na laini isiyopiga, isiyopigiwa wala kuwekewa salio kwa kipindi kilichowekwa huhesabiwa imekufa. Namba hupumzishwa kidogo, kisha huuzwa kwa mtu mwingine. Sisi dukani tuliuita utaratibu huo kuifufua namba. Neno lilikuwa zuri, na tulilitumia bila kufikiri.

Bi Mwanatumu alikuja asubuhi ya Jumatatu, akitoka Milalani, kule Msambweni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wangu, buibui limechakaa pindoni, simu ndogo ya vitufe ameifunga kwenye leso. Aliketi kwenye kiti cha mbele yangu kwa adabu ya mtu aliyeingia nyumba ya watu.

"Shikamoo, mwanangu," alinisabahi.

"Bibi, sisi ni rika moja, mbona waniamkia?"

"Mwenye shida huamkia kila mtu," alisema. "Simu yangu haiiti. Fundi amebadilisha betri, akabadilisha na simu yenyewe. Haiiti."

Nikamwuliza laini imesajiliwa kwa jina la nani. Akataja jina la marehemu mumewe. Nilikwisha kuyaona hayo. Wanaume wengi wa kwetu walisajili laini za wake zao kwa vitambulisho vyao wenyewe, wakiona ndiyo stara, mke asipange foleni na kupigwa picha na vijana. Mume akifa, kitambulisho chake hurudishwa serikalini pamoja na habari za maziko. Mke hubaki na laini ya mtu ambaye kwa karatasi hayupo duniani.

Nikamwuliza mara ya mwisho kuitumia ni lini.

"Kabla ya eda," alisema.

Eda, kwa msomaji asiye wa huku, ni muda wa mjane kukaa ndani baada ya mumewe kufa, miezi minne na siku kumi. Ni sharti la dini, na Bi Mwanatumu hakuwa na neno nalo. Lakini mawifi zake waliongeza lao. Simu za rambirambi zilikuwa nyingi, wanaume wakipiga kutoka Lungalunga hadi Mombasa, na wao wakasema mwenye eda hastahili kusikia sauti ya mwanamume asiye maharimu wake, yaani mtu anayeweza kumwoa. Wakaizima simu, wakaitia sandukuni chini ya kanga. Maalimu wa msikiti uliotazamana na duka letu aliniambia baadaye kwamba hilo halimo kitabuni, ni mila tu ya watu kuongezeana uzito. Alisema kweli, lakini alisema baadaye.

Kipindi cha kanuni yetu kilikuwa kifupi kuliko eda. Aliyekiandika bila shaka alifikiri mtu anayenyamaza muda wote huo amehama, au amekufa, au amenunua laini nyingine. Hakufikiri kuna mwanamke aliyekaa chumbani amevaa nyeupe, hai, anayengojea muda wake uishe ili amwashie simu mwanawe.

Maana huko ndiko mambo yalikokuwa. Binti yake, Riziki, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Mwajiri alimnyang'anya simu mwezi wa kwanza. Tangu hapo alikuwa akipiga mara mojamoja kwa simu ya kuazima, kwa haraka, mara nyingi kutoka namba mpya. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ni ya mama yake, maana yeye ndiye aliyemfundisha mama kuikariri, kwa mahadhi, kama watoto wa chuoni wanavyokariri sura fupi. Bi Mwanatumu aliniimbia pale kitini namba yake, polepole, akitikisa kichwa.

"Baba yake alipokufa hata hakupata kujua," alisema. "Nilikuwa nangoja apige nimwambie. Wakaizima."

Niliitazama namba kwenye mtambo. Ilikuwa hai, kwa jina la mtu mwingine. Sikuwa na ruhusa ya kumtajia ni nani, kwa ile haki ya siri, lakini kuipiga nilikuwa na ruhusa. Nikaipiga, nikaweka sauti ya nje ili naye asikie. Sijui kama nilitenda vyema.

Akapokea kijana. "Haloo, nani?"

Nikajitambulisha, nikamweleza kwamba namba hiyo zamani ilikuwa ya mteja mwingine, nikamwuliza kama kuna watu wanaompigia wakimtafuta mtu asiyemjua.

"Ah, madam, usiniambie! Hii laini imenistress. Kuna dem flani wa majuu, namba ya Uarabuni, alikuwa anacall anasema mama, mama. Nikaona ni wale matapeli. Nikaiblock."

Bi Mwanatumu alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili, akaushika hadi nilipoagana na kijana na kumwomba afike dukani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja wa Tawi. Alikuwa kijana msomi, mwenye adabu zake, na nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua mtambo wake akaniambia tulifuata utaratibu wote.

"Mteja alionywa, Mama Mejumaa. Ujumbe wa onyo ulitumwa."

"Ulitumwa wapi?"

Akatazama. "Kwenye laini yenyewe."

"Laini iliyozimwa."

"Ndivyo kanuni inavyosema, aonywe kwa ujumbe mfupi." Akavuta pumzi. "Na sasa mteja wetu ni huyo kijana. Nikimnyang'anya namba, nitakuwa nimevunja haki yake yeye. Sheria ni msumeno, Mama, hukata mbele na nyuma. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Nilimwambia maji yaliyomwagika ni ya mtu. Sikumfokea. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa yake peke yake, na sikujua wa kumpelekea.

Kijana alikuja siku ya pili, na suruali ya mistari ya wapishi wa hoteli. Alikuwa akifanya kazi jikoni Diani. Jina lake Brayo, mtu wa bara. Aliniambia kabla sijamwuliza kwamba matapeli walimlia mshahara mzima mwaka uliotangulia, na kwamba hata duka letu lina tangazo mlangoni linalosema usiongee na namba usiyoijua. Kweli lilikuwepo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu tulimfundisha sisi wenyewe kushtuka.

Bi Mwanatumu alikuwa ameshafika. Nilidhani atamlaani. Alimtazama tu, kisha akamwuliza, "Alikuwa analia?"

"Hapana, mathe." Brayo alipoona uso wake alijaribu Kiswahili cha kwetu. "Alikuwa ananong'ona, mama. Kama mtu anajificha."

"Ulimjibu nini?"

"Mara ya kwanza nilimwambia mama yako hayupo hapa. Mara ya pili nikakata." Akaangalia viatu vyake. "Sikujua, mama. Wallahi," alisema, yeye asiye Mwislamu.

Mimi niliposikia lile neno, hayupo, ilibidi niinuke nikajifanye natafuta karatasi kabatini. Binti aliyeko nchi ya watu, hana simu, hana pasipoti mkononi, anapata dakika moja ya kuazima, anapiga namba pekee anayoijua, na sauti ya mwanamume inamwambia mama yako hayupo. Sijui alielewa nini. Huku kwetu hilo ndilo neno tunalolitumia mtu anapokuwa amekufa na hatutaki kulitamka.

Brayo aliifungua ile namba aliyoizuia, tukaipiga kutoka mezani pangu. Alipokea mtu wa Kiarabu. Nikamkimbilia Maalimu ng'ambo ya barabara, akaja bado na maji ya udhu mikononi, akazungumza naye. Alikuwa bawabu wa jengo. Alisema ndiyo, kulikuwa na msichana Mwafrika aliyekuwa akishuka kutupa taka, akaomba simu mara kadhaa. Alimwonea huruma. Mara ya mwisho alipiga, akasikiliza, akarudisha simu bila kusema neno, akapanda juu. Kisha waajiri wake wakahama. Hapana, hakujua wamehamia mji gani. Wakala wa wafanyakazi huwapanga na kuwapangua.

"Mwulize kama alikuwa mzima," alisema Bi Mwanatumu.

Maalimu akauliza. Akasikiliza. "Anasema alikuwa amekonda," alitafsiri, na sidhani alitafsiri yote.

Brayo alitoa namba siku ileile. Kanuni ilimpa haki ya kukataa, na wenzake wote kazini walimjua kwa namba hiyo, lakini alisema hawezi kulala nayo. Tukaisajili upya, kwa kitambulisho cha Bi Mwanatumu mwenyewe mara hii, kwa jina lake mwenyewe. Meneja wa Tawi alikuja kusimamia, akaagiza chai. Ofisi ya wakala iliyompeleka Riziki, kule Mombasa, tuliikuta imefungwa, kibao kimeng'olewa, misumari imebaki. Kwenye ofisi za serikali walituandikisha, wakatuambia turudi, tukarudi, wakatuandikisha tena.

Mimi sikunyamaza. Nilimwandikia Mkuu wa Kitengo cha Wateja, nikapendekeza kabla ya kuifufua namba ya mtu, atafutwe kwa njia nyingine, kwa ndugu, kwa mzee wa mtaa, hata kwa tangazo la msikitini au kanisani. Alinipigia mwenyewe. Alikuwa mama mwenye sauti nzuri.

"Bi Mejumaa, nimeguswa sana," alisema. "Lakini hatuwezi kutunga kanuni ya nchi nzima kwa ajili ya mwenye eda mmoja."

"Kwani huku mume hufa mmoja tu?" nilimwuliza.

Alicheka kidogo, akidhani ni utani wa watu wa pwani. Pendekezo langu likapewa namba, kama malalamiko mengine, na kwa kuwa nilikuwa mfanyakazi, hakukuwa na kanuni iliyomlazimu mtu kunijibu.

Nilistaafu hapohapo Ukunda. Walinikatia keki, wakanipa simu kubwa ya kugusa ambayo mjukuu wangu ndiye anayeifaidi. Meneja wa Tawi, aliyekuwa sasa na mvi mbili tatu, alisimama akasema nimewafundisha kumtumikia mteja. Nilishukuru. Nanyi vijana mnaoingia kazi hii, nitawaambia nililonalo, ingawa si jingi. Someni kanuni zenu vizuri, maana mteja hana mwingine wa kumsomea. Lakini mjue kanuni huijua laini, haimjui mtu. Mtu ni juu yenu. Zamani tulikuwa na nyaya chache na matundu machache, na tukamtafuta mama wa watu hadi kisimani. Leo simu iko katika kila mfuko, na tumemkosa binti aliyekuwa akinong'ona upande wa pili.

Riziki hajapiga. Bi Mwanatumu bado yuko Milalani, na simu yake haitoki kiunoni. Huoga nayo imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hapigi mtu yeyote kwa laini ile, asije mwanawe akaambiwa inatumika. Nilimweleza kwamba laini isiyotumika itakufa tena, nikamwahidi kuitia salio kila mara ili iwe hai. Akakataa.

"Salio halilii," alisema. "Nipigie. Nataka nisikie ikilia, nijue inaita."

Basi kila Ijumaa baada ya sala nampigia. Anajua ni Ijumaa, anajua ni saa yangu, anajua hakuna mwingine anayeipiga namba ile. Hata hivyo hupokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na neno lake la kwanza ni lilelile.

"Riziki?"

"Ni mimi, Mejumaa."

Nasikia kuku wa uani kwake.

"Hayupo?" huniuliza.

"Anatafutwa," namjibu.

"Haya, kata, kata," husema. "Asije akapiga akatukuta tunaongea."